Gothiki au Romaneski? Usianze na dirisha, anza na uzito

Swali nililoletewa: "Shikamoo mwalimu. Mi naongoza watalii hapa Dar, nawatembeza mjini kwa miguu. Wiki iliyopita mgeni mmoja aliniuliza kanisa la St. Joseph ni Gothiki au Romaneski, nikamjibu Gothiki, kwa sababu nimekariri kwamba tao lenye ncha ni Gothiki na tao la duara ni Romaneski. Akacheka, akasema sio rahisi hivyo. Sasa utofauti hasa ni nini? Na mdogo wangu ananiambia gothiki ni wale vijana wanaovaa nguo nyeusi na kupaka wanja mzito, hivi kuna uhusiano au ni majina tu yamegongana?"

Marahaba mdogo wangu. Jibu ulilompa lilikuwa sahihi, sababu uliyotoa ndo ilikuwa mbovu, na huyo mgeni alicheka sababu, hakucheka jibu. Lakini usijilaumu, maana hiyo ya ncha na duara ndo wanayofundishwa watu wengi hata huko kwao Ulaya na wanazeeka nayo.

Hiyo ni mitindo miwili ya kujenga makanisa ya Ulaya ya kale, Romaneski ikatangulia, Gothiki ikafuata. Kwanza nikuvunjie hiyo kanuni yako. Kuna kanisa kuu la Durham, kaskazini mwa Uingereza, lilianza kujengwa 1093, kuta nene kweli kweli, nguzo kama mibuyu, kila kitabu kinaliita Romaneski. Sasa ingia ndani uangalie dari la ukumbi mkubwa, lile lililomalizika 1133, utakuta matao yenye ncha yanakatiza juu na mbavu za mawe, yaani vitao vyembamba vinavyobeba dari, zimepita mshazari. Kwa kanuni yako hilo lingekuwa Gothiki. Na Gothiki yenyewe kwa wakati huo ilikuwa haijazaliwa bado. Kwa hiyo ncha peke yake haitoshi.

Mi wanafunzi wangu nawaambia hivi, ukifika kwenye jengo lolote la zamani usianze na dirisha, usianze na urembo, anza kujiuliza uzito wa lile dari unaenda wapi. Basi. Ukishaujua uzito unapita wapi mpaka kufika ardhini, mtindo unajitaja wenyewe.

Fanya jaribio dogo na wenzako, tena hili unaweza kuwafanyisha hata watalii wako, watafurahi. Watu wawili wasimame wakitazamana, hatua mbili hivi kati yao, wanyooshe mikono juu mpaka viganja vikutane, kisha waegemeane. Hilo ndo tao. Sasa wewe kandamiza pale viganja vilipokutana. Utaona nini? Hawashuki chini kama mzigo wa kichwani unavyoshuka, miguu yao inateleza kwenda nyuma. Tao likibeba kitu linakisukuma nje pembeni, na linasukuma usiku na mchana, jengo lina watu au halina. Mambo yote nitakayokueleza hapa chini yanatoka kwenye hiyo miguu inayoteleza. Nyumba zetu za tofali na linta ya zege hazina shida hiyo, kwa sababu linta ina nondo ndani, imelala tu juu ya ukuta inakandamiza chini. Mafundi wa Ulaya ya miaka ya 1000 hawakuwa na nondo wala zege la kuaminika. Walikuwa na mawe, chokaa na mbao, na walitaka kufunika ukumbi mkubwa kwa mawe kwa sababu paa za mbao zilikuwa zinaungua kila mara, mshumaa mmoja tu au radi moja kanisa limekwisha.

Jibu la Romaneski kwa tatizo hilo lilikuwa la mtu mwenye nguvu asiye na haraka: kama tao linasukuma ukuta nje, fanya ukuta uwe mzito kiasi kwamba hausukumiki. Hivyo tu. Dari linakuwa kama handaki, tao moja la nusu duara limeendelea kutoka mlangoni mpaka madhabahuni, na linasukuma ukuta wote kwa urefu wake wote, kwa hiyo ukuta wote lazima uwe mnene, na ukitoboa dirisha kubwa umeudhoofisha, kwa hiyo madirisha ni madogo, kwa hiyo ndani ni giza. Unaona inavyofuatana? Ule utulivu na kile kigiza ambacho watu wanakisifia kwenye makanisa ya Romaneski hakikutoka kwa mtu aliyekaa akaamua "mi napenda giza", kilitoka kwenye ukuta. Na ule mnara wa Pisa unaoinama, ambao kila mtu ana picha ameushika kwa mkono, nao ni Romaneski, ulianza 1173, ingawa kuinama kwake ni habari ya udongo laini.

Sasa ncha. Tao la nusu duara lina ubishi mmoja, urefu wake umefungwa na upana wake. Likiwa na upana wa mita 10 litapanda mita 5, huna la kufanya. Sasa jaribu kufunika sehemu ya mstatili kwa matao ya duara, upande mrefu tao linapanda juu, upande mfupi linabaki chini, vichwa havikutani, fundi anahangaika. Tao la ncha halina ubishi huo. Unaweza kulifanya jembamba na refu au pana na fupi, na vichwa vyote ukavikutanisha kwenye kimo kimoja. La pili, na hili ndo kubwa zaidi, kadiri tao linavyopanda mwinuko mkali ndivyo linavyosukuma kidogo pembeni. Rudi kwa wale wenzako wawili, wakisogea karibu zaidi wakawa wamesimama karibu wima, miguu haitelezi sana. Ndo hiyohiyo.

Na hapa wapashe kidogo watalii wako, kwa adabu lakini. Tao la ncha Ulaya hawakulianzisha wao. Msikiti wa Ibn Tulun pale Cairo, uliomalizika 879, umejaa matao ya ncha mstari kwa mstari, hiyo ni zaidi ya miaka 250 kabla ya kanisa la kwanza la Gothiki. Na sisi huku pwani tulilipata kwa njia hiyohiyo ya Uislamu na biashara ya bahari, bila kupitia Ufaransa. Nenda Gedi pale karibu na Malindi, pita mlango wa lile jumba la mfalme, au nenda Kilwa Kisiwani kwenye msikiti mkuu, matao ya ncha ya mawe ya matumbawe yapo. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekwambia Gedi ni Gothiki. Ni ncha ileile, ila kazi inayofanya ni nyingine.

Haya, Gothiki yenyewe. Tuna bahati, kwa sababu ni mitindo michache sana unayoweza kuitaja mahali ilipoanza na mwaka. Ni abasia, yaani makao ya watawa na kanisa lao, ya Saint-Denis, kaskazini kidogo mwa Paris, mahali walipozikwa wafalme wa Ufaransa. Mkuu wa abasia aliitwa Suger, mtu wa siasa na wa Mungu kwa pamoja, na alitaka kanisa lake lijae nuru kwa sababu kwake nuru ilikuwa njia ya kumfikiria Mungu. Sehemu ya nyuma ya madhabahu, ile ya kwaya, aliianza 1140 na ikawekwa wakfu Juni 1144. Ndani ya hiyo miaka minne mafundi wake, ambao majina yao hatuna, na hili huwa linaniuma, walichukua tao la ncha, wakachukua mbavu za mawe, vitu vyote viwili vilikuwepo tayari sehemu nyingine, wakavifunga pamoja hivi kwamba uzito wa dari haumwagiki tena juu ya ukuta wote. Unakusanywa na mbavu, unateremshwa kwenye nguzo chache, basi. Ukuta katikati ya nguzo umeachishwa kazi. Sasa ukuta usio na kazi unaufanyia nini? Unautoa, unaweka kioo.

Hapo ndo Gothiki ilipo, dada. Ncha ni kifaa tu ndani yake. Gothiki ni jengo lililofanywa mifupa, nyama ikawa kioo.

Ila uzito haukupotea. Ule msukumo wa pembeni upo palepale, sasa umekusanyika sehemu chache na kwa sababu hiyo una nguvu zaidi hapo ulipo. Wazee wetu wana neno la hiki kitu, mwega, ile nguzo unayoegemeza ukuta wa nyumba ya udongo ukianza kulala upande. Mafundi wa Ufaransa walifanya hivyohivyo kwa mawe. Ila kanisa kubwa lina ukumbi wa kati mrefu na korido za chini pembeni, ukiweka mwega wa kawaida utakaa katikati ya korido, watu wapite wapi? Wakaunyanyua. Wakajenga nguzo nzito nje kabisa ya korido, kisha kutoka kwenye hiyo nguzo wakarusha nusu tao hewani, linapita juu ya paa la korido na kwenda kugusa ukuta wa juu pale hasa dari linaposukuma. Mwega unaoruka. Na vile vijinara vidogo vyenye ncha ulivyowahi kuona vimekaa juu ya hizo nguzo za nje, ambavyo kila mtu anadhani ni mapambo, vina kazi, vinaongeza uzito wa kwenda chini ili msukumo wa pembeni upindwe uelekee ardhini. Mi nilipoelezwa hilo nikiwa mwanafunzi nilikaa kimya kama dakika tano, nilikuwa nimechora vile vijinara mwaka mzima nikivihesabu maua.

Ukitaka kuona matokeo yake nenda Chartres, mji wa hukohuko Ufaransa. Kanisa la zamani liliungua 1194, wakajenga upya haraka, dari likafika kama mita 37 juu, na madirisha yake mengi ya vioo vya rangi vya karne ya 13 bado yapo, ile bluu yake watu wanasafiri nchi mbalimbali kuifuata. Ukiingia mchana kutoka juani kwanza huoni kitu, inabidi usimame. Halafu bluu inakuja polepole. Watu wengi waliokuwa wakiingia humo hawakujua kusoma, na zile hadithi za Biblia na za watakatifu zilikuwa juu ukutani zinawaka.

Ikawa sasa mashindano. Kila mji unataka kumpita jirani. Amiens, ilianza 1220, ikapeleka dari mita 42. Beauvais wakasema sisi 48. Wakafika kweli, mwaka 1272 dari likakamilika. Mwaka 1284 sehemu kubwa ya dari hilo likaanguka. Mafundi waliorudi kurekebisha waliongeza nguzo katikati ya zile za mwanzo, yaani walikiri kimyakimya kwamba nguzo zilikuwa zimetengana mno. Ungedhani wamejifunza. Karne ya 16 wakasimamisha mnara juu ya makutano, pale mabawa ya kanisa yanapokutana na ukumbi, mita 153, ukamalizika 1569, na Siku ya Kupaa Bwana mwaka 1573 ukaporomoka, waumini wakiwa wametoka nje tayari. Pesa zikaisha, ukumbi wa mbele haukujengwa mpaka leo. Ukienda sasa hivi ni nusu ya kanisa, ndani kuna miega ya mbao na vyuma vimelishikilia. Mi ndo kanisa ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu pale unaona hesabu ilipoishia.

Mfano mwingine wa karibu ambao watalii wako wote wataukumbuka, moto wa Notre-Dame pale Paris, tarehe 15 Aprili 2019. Dunia nzima iliona paa linawaka na ule mshale wa juu unavunjika. Wengi walidhani kanisa limekwisha. Lakini kanisa la Gothiki lina vitu viwili juu, kuna dari la mawe unaloliona ukiwa ndani, na juu yake kuna paa la mbao na risasi la kukinga mvua. Kilichoungua ni paa, msitu wa mbao za mwaloni. Dari la mawe lilitobolewa pale mshale ulipoangukia na sehemu chache nyingine, lakini kwa sehemu kubwa lilisimama, likazuia moto usimwagike ndani, ile kazi iliyofanya watu waanze kujenga madari ya mawe miaka elfu iliyopita. Halafu wahandisi walikuwa na hofu ya ajabu kidogo: miega. Miega ya nje inasukuma ndani ikipambana na dari linalosukuma nje, sasa dari likipungua nguvu, miega itashinda, itasukuma ukuta uangukie ndani. Ndo maana waliiwekea fremu kubwa za mbao chini ya kila nusu tao. Kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2024. Na huo mshale uliovunjika haukuwa wa zamani za kale, ulikuwa wa karne ya 19, wa mbunifu Viollet-le-Duc.

Sasa jina. Hao waliojenga hawakujiita Gothiki hata siku moja. Wakati ule iliitwa kazi ya Kifaransa. "Gothiki" ni tusi, walilitunga Waitaliano baadaye, na aliyelisambaza zaidi ni Giorgio Vasari, mchoraji na mwandishi wa Florence, kwenye kitabu chake cha 1550 cha maisha ya wasanii. Magothi walikuwa makabila yaliyovamia na kupora Roma mwaka 410, kwa hiyo kuliita jengo la Kigothi ilikuwa sawa na kusema hii ni kazi ya washenzi. Wajenzi wenyewe walikuwa Wafaransa waliokuja zaidi ya miaka 700 baada ya hao Magothi, hawahusiani kabisa. Tusi likabaki, ubaya ukatoka.

Kwa nini Waitaliano walichukia hivyo? Kwa sababu wao walikuwa na magofu ya Roma uani kwao. Walikuwa na Pantheon, kuba la zege lenye upana wa mita 43 hivi, la miaka ya 120 hivi baada ya Kristo, limesimama bila mwega hata mmoja unaoonekana. Wakiangalia Paris wanaona jengo lenye magongo pande zote. Renesansi katika ujenzi ni hilo, kurudi kwenye duara, nguzo za Kirumi, pande mbili zilingane, na msukumo ufichwe. Mtu wa kumtaja ni mmoja, Filippo Brunelleschi. Kanisa kuu la Florence lilikuwa limeanza 1296 likaachiwa tundu la mita 45 hivi juu bila mtu kujua litafunikwaje, fikiria ujasiri huo, mnajenga miaka mia mkitegemea mjukuu ataleta akili. Mjukuu alikuja. Kati ya 1420 na 1436 Brunelleschi alipandisha kuba la ngozi mbili, moja ndani ya nyingine, bila ile fremu kubwa ya mbao ya kushikilia toka chini, tofali zimepangwa kama mifupa ya samaki ili kila mstari ujishikilie wenyewe, na ndani ya kuta za kuba amezungusha minyororo ya mawe na mbao kama pete za pipa. Msukumo unataka kwenda nje, pete inauzuia. Hakuna mwega. Na ajabu, ukiliangalia lile kuba kwa pembeni lina ncha! Baba wa Renesansi alitumia umbo la wale washenzi, kwa sababu linasukuma kidogo. Kanuni yako imekufa mara ya pili hapo.

Baroki, mtindo uliofuata Renesansi, nitaipita haraka, sio kwa dharau. Kimuundo hawakuwa na jipya kubwa, wao shughuli yao ilikuwa kukugusa moyo, kuta zinajipinda, dhahabu, mwanga unatoka dirisha usilolijua liko wapi, Kanisa Katoliki linarudisha watu baada ya mtikisiko wa Martin Luther, aliyeanzisha Uprotestanti. Ukitaka mfano ni uwanja wa Mtakatifu Petro pale Roma, zile nguzo za Bernini zilizokumbatia watu. Lakini uzito haudanganyiki na dhahabu, kuba lenyewe la Mtakatifu Petro lilikutwa na nyufa na miaka ya 1740 wakalifunga pete za chuma.

Sasa tufike kwako, Dar. Karne ya 19 Ulaya ilikuwa imeshajua kujenga kwa chuma, na ghafla ikaanza kuipenda tena Gothiki, ikiitamani kama mtu wa mjini anavyotamani kijiji alichokikimbia. Bunge la Uingereza liliungua 1834, wakaamua jipya liwe la Kigothiki. Kanisa kuu la Cologne Ujerumani, lilianza 1248, kazi ikasimama karne ya 16 na winchi ya mbao ikabaki juu ya mnara usiokwisha kwa karne tatu, wakaanza tena 1842 na kumaliza 1880, mita 157, likawa jengo refu kuliko yote duniani kwa miaka michache. Kwa nje ni Gothiki tupu, mchoro wenyewe wa kale uliokutwa. Lakini fremu ya paa lake ni ya chuma. Unaona kilichotokea? Umbo na kazi vimeachana. Hiyo tunaiita Gothiki mamboleo.

Wamisionari wa Kijerumani waliojenga St. Joseph yako kati ya 1897 na 1902 walitoka kwenye Ujerumani hiyo, ambayo miaka 17 tu nyuma ilikuwa imemaliza Cologne na inaringia. Kwa hiyo jibu kamili kwa mgeni ni "Gothiki mamboleo, ya Wajerumani". Mwambie hivyo halafu mpeleke pembeni ya jengo, muangalie kwa macho yenu ukuta una unene gani kwenye dirisha, ukuta umeimarishwa wapi kwa nje, na kama zile sehemu zilizoimarishwa zinakutana na nguzo na matao ya ndani. Ufanye mazungumzo yawe ya uzito, atakuheshimu.

Na una bahati moja ambayo waongozaji wa miji mingi hawana. Boti ya Unguja iko palepale mbele ya kanisa lako. Akivuka, Mji Mkongwe kuna St. Joseph nyingine, ile wenyeji wanaiita Minara Miwili, ilijengwa miaka ya 1890 na Wafaransa, na hiyo ni Romaneski mamboleo. Mtakatifu mmoja, muongo mmoja, mitindo miwili, saa mbili kwa boti. Hakuna darasa zuri kama hilo.

Akiwa huko asiache kanisa la Waanglikana la Mkunazini, lililowekwa jiwe la msingi 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, mwaka uleule soko lilipofungwa. Askofu Edward Steere, huyuhuyu aliyeandika sarufi ya Kiswahili, ndo aliyelisimamia. Madirisha yana ncha, ndani kuna nakshi zenye harufu ya Uarabu, kwa hiyo kwa kukariri utasema Gothiki. Tazama juu. Dari ni tao moja refu linaloendelea, la matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, hamna mbavu za kukusanya uzito. Watu wakati ule walibisha kwamba litaanguka. Halijaanguka. Lakini kwa mfupa wake, ukinilazimisha niseme, lile ni wazo la Romaneski limevaa kanzu ya Gothiki na kilemba cha Mwarabu, na mi nalipenda hivyohivyo. Zile nguzo fupi karibu na lango zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu, hadithi ni kwamba mafundi waliziweka askofu akiwa hayupo, akarudi akaziacha.

Nimekaribia kumsahau mdogo wako. Mwambie majina hayajagongana, kuna ukoo. Karne ya 18 Uingereza ilikuwa imejaa magofu ya abasia za Kigothiki zilizovunjwa enzi za mfalme Henry VIII, popo, mimea imepanda ukutani, mwezi, unajua tena. Bwana mmoja tajiri, Horace Walpole, akaandika mwaka 1764 riwaya ya ngome, mizimu na njia za chini ya ardhi, na toleo la pili akaliita hadithi ya Kigothiki. Ikawa jina la aina nzima ya riwaya za kutisha. Kutoka kwenye riwaya neno likaingia kwenye filamu, kutoka hapo likaingia kwenye muziki wa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, na kutoka kwenye muziki ndo wanja na nguo nyeusi. Kwa hiyo kutoka kwa Suger mpaka kwa rafiki wa mdogo wako ni mstari mmoja, umepinda tu.

Na huyo Walpole alikuwa na nyumba yake mwenyewe ya Kigothiki, Strawberry Hill, kule Twickenham karibu na London, bado ipo na unaweza kuitembelea. Kuna ukumbi mrefu una dari lenye mbavu zinazofunguka kama pepeo la mkono, limeigwa kutoka kanisa la Westminster, limepakwa dhahabu, zuri sana. Ukiuliza uzito wake unaenda wapi watakwambia hauendi popote. Limetengenezwa kwa karatasi zilizolowekwa na gundi.